Tusizike Bodi Kabla Haijafa

Naomba nafasi kidogo nikitetee kile kibao kilichomo ndani ya kila redio, yaani bodi ya saketi.

Muhula uliopita redio ya bweni letu ilinyamaza. Fundi mmoja aliitazama kitambo kidogo, akatangaza kwamba bodi imekufa, tununue redio nyingine. Tukachanga, fedha hazikutosha. Likizo ilipofika nilikwenda nayo nyumbani, mjomba akaifungua. Pale penye mguu wa tundu la umeme, risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka duara jembamba kama uzi. Aliigusa kwa chuma cha moto, nayo ikasema. Hakuna kilichokuwa kimekufa.

Tangu siku ile najiuliza sisi twajifunza nini. Wanafunzi wa kidato cha nne twaweza kuchora alama ya transista hata gizani, lakini wengi wetu hatujapata kuishika. Laiti tungegeuza bodi tukaitazama mgongoni, tungeona kwamba hapana uchawi. Ni kibao cha karatasi au cha nyuzi za kioo, kilichogandishwa kwa gundi ngumu, juu yake kikabandikwa utando wa shaba wa mikromita 35 hivi. Njia za umeme hufunikwa kwa rangi, kisha kibao hutiwa katika maji ya kloridi ya feri, ambayo hula shaba yote isiyofunikwa. Hiyo ni Kemia ile ile ya darasani! Paul Eisler, mhandisi wa Austria, alitengeneza redio ya namna hiyo huko London mwaka 1936. Zamani hizo waya ziliungwa kwa mkono, mmoja mmoja.

Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo hupita Chalinze, si mbali na hapa Lugoba, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Shaba huvuka bahari, na ikirudi kwetu imekuwa redio au simu. Nasi twaitupa jalalani kwa sababu ya ufa mmoja.

Najua yatakayosemwa. Risasi ni sumu na umeme huua. Ni kweli, basi bodi tuzijaribu kwa betri tu, madirisha yawe wazi, na mikono ioshwe kabla ya kula. Wengine watasema mtihani hauulizi kulehemu. Hapo sina jibu kubwa, ila mtihani huuliza kwa nini saketi iliyokatika haipitishi umeme, na sijaona mahali pa kulielewa jambo hilo kuliko pale penye ufa.

Katika stoo yetu limo sanduku la redio na taa za jua zilizoharibika. Mwalimu wetu wa Fizikia akiridhia, twaomba sanduku hilo, chuma kimoja cha kulehemu, na meza moja ya maabara kila Jumamosi baada ya usafi. Mimi na wenzangu watatu tumekwisha kujiandikisha.