Kituo cha afya: mlango wa kwanza wa matunzo, wa mwisho kwa franga

Katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, mtu akiugua, daktari si wa kwanza kumuona. Mara nyingi anaanza na vidonge vya duka la dawa la karibu. Vikishindwa, anaenda kituo cha afya, kwa muuguzi mkuu ambaye wakaaji wanamwita tu munganga. Hospitali inakuja mwisho, na mara ingine wakati umeisha pita. Basi mbona mlango huu wa kwanza ndio unaopata kidogo kuliko mingine yote?

Mpango uko

Kongo haikukosa mpango. Miaka ya 1970, huko Kasongo, katika Maniema, waganga wa Kongo na wa Ubelgiji walijaribu utaratibu wa vituo vidogo vinavyoongozwa na wauguzi na kuungana na hospitali moja. Miaka ya 1980 nchi yote ikagawanywa kwa zoni za afya. Leo ziko zaidi ya 500. Kila zoni ina hospitali kuu na maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo chake: kutibu malaria, kuchanja watoto, kufuata wajawazito, na kutuma hospitali wale walio hatarini.

Munganga analipwa na nani?

Wauguzi wengi hawako kwenye orodha ya mishahara ya serkali, ao wanapata prime kidogo isiyofika kila mwezi. Wanaishi na kile mgonjwa anacholipa. Matokeo yanajulikana: mgonjwa anakawia nyumbani juu hana franga. Naye muuguzi anaweza kujaribiwa kumbakiza mgonjwa wa kutumwa hospitali, sababu akienda, malipo yanaenda naye. Tena kinga haijazi kasha. Mama aliyeelezwa namna ya kulisha mtoto hanunui dawa.

Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya. Kongo haijafika hapo.

Funzo la Ebola na surua

Kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2 200, hasa pande za Beni, Butembo na Mabalako. Katika wakati huohuo, surua iliua zaidi ya watu 6 000 katika nchi nzima, wengi wao watoto. Chanjo ya surua ipo tangu miaka mingi, na ni kazi ya kila siku ya kituo cha afya. Lakini magari, pesa na macho ya dunia vilielekea Ebola.

Hata Ebola yenyewe ilipitia mlango uleule. Wagonjwa wengi waliambukizwa ndani ya vituo vidogo vya matunzo, pasipo maji ya kutosha wala glavu. Kituo dhaifu hakiponyeshi, na kinaweza kueneza ugonjwa.

Mwaka 2025 mzigo ukaongezeka. Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, na benki zikafungwa. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa misaada ya kibinadamu nchini, ikakata misaada yake. Mtu aliyekimbia vita bila fishi yake, mwenye kutumia dawa za ukimwi, kifua kikuu ao presha, anaanza upya kwa munganga asiyemjua.

Njia za mbele

Njia moja ni daktari wa familia. Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Kongo kimefundisha waganga wa namna hiyo, na hospitali ya HEAL Africa, Goma, pia. Kazi yao si kuchukua nafasi ya muuguzi. Ni kumtembelea, kumsaidia kwa kesi ngumu, na kufuata familia moja kwa miaka: sukari ya baba, mimba ya mama, chanjo za watoto. Lakini wakibaki mjini wote, kijijini hakuna kitakachobadilika.

Njia ya pili ni malipo. Mituweli za afya zinasaidia, ila mkimbizi asiye na shamba atatoa mchango wapi? Uzazi wa bure, ulioanzishwa Kinshasa Septemba 2023, unaonyesha njia ingine. Nao una sharti: kituo kisiporudishiwa pesa kwa wakati, mama ataombwa kitu chini ya meza.

Njia ya tatu haingoji Kinshasa. Kila eneo la afya linapaswa kuwa na CODESA, kamati ya wakaaji. Ina haki ya kuuliza dawa ngapi ziliingia, franga ngapi zilitumika, na kama bei zimebandikwa ukutani. Pale kamati inapolala, kituo kinabaki cha muuguzi peke yake. Pale inapoamka, hata muuguzi mwenyewe anapata wa kumtetea wakati prime yake haifiki.