Kidani cha Bibi Loisel

Mwaka 1884 gazeti moja la Paris, mji mkuu wa Ufaransa, lilichapa hadithi fupi iitwayo "La Parure", yaani Pambo. Aliyeitunga ni Guy de Maupassant. Hadithi hiyo yasomwa hata leo katika nchi nyingi, na wengi waisomao husema ni habari ya mwanamke mpenda makuu aliyepata malipo yake. Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote.

Mathilde Loisel alikuwa mke wa karani wa serikali. Hakulala njaa, hata mtumishi alikuwa naye. Lakini alijiona amezaliwa kwa ajili ya majumba makubwa na vyombo vya fedha, akavichukia viti vyake vilivyochakaa. Siku moja mumewe alileta barua ya kualikwa karamuni kwa waziri. Badala ya kufurahi, Mathilde akalia kwa kuwa hana nguo. Mumewe, maskini, alikuwa amejiwekea faranga 400 anunue bunduki ya kuwindia. Akampa zote ashone gauni. Kisha akataka na johari. Akaenda kwa rafiki yake, Bibi Forestier, akaazima kidani cha almasi kilichokuwa ndani ya kibweta cha atlasi nyeusi. Usiku ule aliwapita wanawake wote kwa uzuri. Waliporudi nyumbani karibu na alfajiri, kidani hakimo shingoni.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Kupenda makuu kulikuwa kumegharimu gauni moja na usiku mmoja. Kilichogharimu miaka 10 ni barua. Mumewe alimwambia amwandikie rafiki yake ya kwamba kifungo cha kidani kimevunjika nacho kinatengenezwa, naye akaandika. Watu humlaumu mke peke yake; lakini uongo ule ulitoka kwa mume, mtu mpole asiyejua fahari. Neno moja la kweli siku ile lingalitosha.

Tena dalili haikukosekana. Walikichukua kibweta kitupu kwa sonara ambaye jina lake lilikuwa ndani yake. Sonara akatazama vitabu vyake, akasema hakuuza kidani hicho, labda kibweta tu. Mwenye moyo mtulivu angalijiuliza kwa nini pambo na chombo chake havikutoka duka moja. Wao hawakuuliza, maana hofu ya aibu hufumba macho sawasawa na fahari. Wakazunguka kwa masonara wengine hata wakaona kidani kilichofanana na kile, wakakinunua kwa faranga 36,000. Nusu ilikuwa urithi wa mume kutoka kwa babaye. Nusu wakaikopa, nyingine kwa wenye riba. Bibi Forestier alipokipokea kibweta, hakukifungua hata kukitazama.

Wakamwondoa mtumishi, wakahamia chumba cha juu chini ya paa. Yule aliyetamani vyombo vya fedha akasugua masufuria hata kucha zikaharibika, akapandisha maji ngazi kwa ngazi, akagombana na wachuuzi kwa ajili ya senti. Haifai kumdharau hapa. Alilipa deni lote pamoja na riba yake, wala hakutoroka. Wengi wajiitao wanyenyekevu wasingaliweza.

Jumapili moja alikutana na Bibi Forestier, angali mzuri, akitembea na mtoto, naye hakumtambua. Mathilde akamweleza mambo yote pasipo haya, kwa kuwa deni limekwisha. Ndipo alipoambiwa ya kuwa kidani kile kilikuwa cha bandia, thamani yake haizidi faranga 500. Yaani bei ya lile gauni na faranga mia juu yake! Lakini Bibi Forestier naye ana sehemu yake katika jambo hili, kwa kuwa aliazimisha almasi za bandia asiseme neno.

Maupassant anaikata hadithi papo hapo. Hasemi kama kidani cha kweli kilirudishwa, wala Mathilde alijibu nini.