Mipira ya Motokari: Upepo Kiasi Gani?

Vijana wawili, mmoja wa Kolwezi na mwingine wa Fungurume, wameniuliza swali moja: "Pasta, mu mupira ya motokari tutie kilo ngapi?" Ningependa kuwajibu kwa namba moja tu na kufunga ukurasa. Haiwezekani. Na ninajua kwamba haiwezekani kwa sababu mimi mwenyewe nimekwisha kulipa.

Anza hapa. Kinachobeba motokari yako si mpira, ni upepo ulio ndani. Mpira ni mfuko wa kushika upepo ule. Upepo ukipungua, mfuko unalegea, na ubavu wake unakunjwa kila unapogusa chini, kisha unanyooka tena. Ukienda kilometa 90 kwa saa, mpira wenye mzunguko wa meta mbili unazunguka mara 750 kwa dakika moja. Wewe kijana, chukua kipande cha waya, ukikunje na kukinyoosha upesi upesi, halafu ukiguse: kina moto. Ubavu wa mpira nao ni hivyo hivyo. Ule moto unaachanisha mpira na nyuzi zake za ndani, na siku moja, mara nyingi siku ile motokari imejaa watu, unapasuka.

Upepo ukizidi nayo ni shida. Mpira unakuwa mgumu, unagusa barabara kwa katikati tu, breki haishiki vizuri, na jiwe kali linaukata kwa urahisi. Tazama mipira yako leo: kama imeliwa pembeni pande zote mbili, umezoea kutembea na upepo mdogo, kama imeliwa katikati, unazidisha.

(Aliyefanya mpira wa upepo uingie katika kazi ni John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama kule Belfast, mwaka 1888, kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake. Dunia ikapenda sana, ikataka mpira mwingi, na Wakongo wengi wakalipa bei yake chini ya Leopold II. Hiyo ni habari ndefu, si ya ukurasa huu.)

Sasa, namba iko wapi? Haiko katika mkono wa kwado. Kwado anajua kuziba tundu, lakini hajui utabeba nini kesho. Haiko pia kwenye ubavu wa mpira. Pale kuna namba, ndiyo, na wengi wanaifuata. Ile ni mwisho ambao mpira huo unaweza kuvumilia, si kiasi ambacho motokari yako inaomba. Fungua mlango wa shofere, tazama kwenye nguzo ya mlango: kuna karatasi ya kubandika au kibati. Motokari nyingine wameiweka ndani ya kifuniko cha tanki. Zile zilizotoka Japani zimeandikwa kwa herufi zao, usiogope, tarakimu ni zile zile zetu. Ukiona 220, ndiyo 2,2 ya kwetu, ile kwado anaita kilo mbili na mbili. Mara nyingi namba ya mbele na ya nyuma si sawa, na kunaweza kuwa na mstari mwingine kwa siku ya mzigo mzito. Soma pia ukubwa wa mpira ulioandikwa pale. Kama ulinunua okazioni ya ukubwa mwingine, namba ile haikuhusu moja kwa moja, uliza mtu anayejua.

Pompi nyingi za kutoka China zina hesabu nyingine, zinaonyesha 29, 32, 36. Gawa kwa 14,5. Kwa hiyo 29 ni 2, 32 ni 2,2, 36 ni karibu 2,5. Nimekwisha kuona kijana akitafuta "30" kwenye manometa ya kwetu mpaka akachoka.

Nilisema nimelipa. Sikia basi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa sita, tulialikwa Musumba, kule kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, kwa mkutano wa kwaya. Kutoka Kolwezi ni zaidi ya kilometa 400, na kupita Sandoa wakati wa kipwa mchanga ni mwingi. Tulikuwa watu tisa, na magunia mawili ya unga, na bidoni za mafuta. Kamati ya kanisa ilikuwa imenipa pesa ya kununua pompi na manometa. Manometa nilinunua. Ya pompi, nilinunua batri ya vipaza sauti, kwa sababu nilisema moyoni, makwado wako kila mahali.

Kwenye mchanga tukazama. Mzee mmoja wa kule akanifundisha: "Pasta, toa mupepo. Fika kilo moja na nusu, utatoka." Ni kweli kabisa. Mpira ukilegea unagusa chini kwa urefu zaidi, haichimbi, inapanda juu ya mchanga. Lakini unaenda polepole, na usishuke chini ya kilo moja, mpira unaweza kuchomoka kwenye jante. Tukatoka, tukafika Musumba, tukaimba, tukarudi Kolwezi usiku.

Kesho yake asubuhi nilipaswa kuwasindikiza wageni Likasi. Barabara ni lami. Niliitazama mipira kwa macho, nikaona iko sawa. Ndugu, jicho linadanganya. Mipira ya siku hizi imetengenezwa na tumbo kidogo, hata yenye upepo mzuri, na ile ya kilo moja na nusu haionyeshi tofauti kubwa. Nikaenda kilometa 100 kwa saa na upepo wa mchanga wa Sandoa. Kabla ya Likasi, mpira wa nyuma wa kuume ukapasuka. Motokari ikavuta, kamio ya shaba ilikuwa inakuja mbele, ikatupita. Tukaishia mtaroni. Mama mmoja wa kwaya akavunjika mfupa wa bega.

Hiyo si sehemu mbaya zaidi. Mbaya ni kwamba nyumbani watu walianza kusema, "Safari ile kuna mutu alifunga njia," na wakataja jina la bibi mmoja mzee, mjane, ambaye alikuwa amegombana na mama yule juu ya kiwanja. Mimi nilijua ni kilo moja na nusu. Nilikaa kimya Jumapili mbili, kwa sababu ya pesa ya pompi. Jumapili ya tatu nilisimama mbele ya watu nikasema namba ile, na habari ya batri. Bibi alikuwa amekwisha kuhama kwa binti yake. Nilimfuata mpaka kule kumwomba radhi. Alinipa kiti, hakunipa neno.

Basi mkisikia mpira umepasuka, ulizeni kwanza upepo, kabla hamjataja jina la mtu.

Hata wakubwa wamekosea hapa. Mwezi wa nane mwaka 2000, kule Marekani, kampuni ya Firestone iliita irudishwe mipira milioni 6,5, baada ya watu wengi kufa, hasa katika motokari za Ford Explorer. Makosa ya mpira wenyewe yalikuwepo, lakini kulikuwa pia na mabishano makubwa juu ya upepo: kibati cha Ford kilisema 26, yaani 1,8, na wenye Firestone walitaka 30. Baadaye sheria ya kule ililazimisha motokari mpya ziwe na taa ya kuonya upepo ukipungua. Ikiwa ya kwako ina taa ile ya rangi ya njano, usiifunike na plasta kama nilivyoona kwa taksi moja.

Kupima ni asubuhi, mipira ikiwa baridi, kabla ya kutembea kilometa mbili au tatu. Mpira ukipata moto, upepo wake unapanda wenyewe. Kila digrii 10 ni karibu 0,1. Ndiyo sababu ile ya asubuhi ya kipwa, tukiwa tunatetemeka, si ya saa nane mchana. Wengine wakiona mchana 2,5 mahali pa 2,2, wanatoa upepo "isipasuke". Usitoe! Kesho asubuhi utakuwa na mpira mlegevu, na utakuwa umejitengenezea lile uliloogopa. Mara moja kwa mwezi inatosha, na kila safari ndefu, pamoja na mpira wa akiba, ambao sisi wote tunausahau mpaka siku tunauhitaji. Vijana wa pikipiki, na ninyi pia, hasa mnapobeba watu wawili na gunia.

Pompi sasa iko, chini ya kiti. Kamati ilikata pesa kwangu kidogo kidogo. Manometa ya zamani imeanza kudanganya, inasoma 0,2 zaidi. Niligundua nilipoilinganisha na za makwado wawili. Anayetaka kulinganisha ya kwake aje nayo kanisani Jumamosi, mapema, kabla jua halijapanda.