Kabla Mwalimu wa Ndithini Hajatoa Shilingi 25,000

Muhula unapoelekea ukingoni, taa katika nyumba za walimu wa Ndithini huchelewa kuzimwa. Alama za tathmini zinapaswa kupakiwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, nayo inataka fomu za utendakazi zijazwe mtandaoni. Hii si kazi ya kupuuza: tangu mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita uanze mwaka 2022, alama zinazotolewa shuleni zilipangiwa asilimia 60 ya matokeo ya mtoto. Kipakatalishi kilichonunuliwa miaka minane iliyopita sasa kinachukua dakika kumi kuwaka, kinanguruma kama mashine ya kusaga unga, na tovuti inamtoa mwenyewe nje kabla hajamaliza ukurasa mmoja. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kupanda gari hadi Thika, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, akanunue kipya.

Mara nyingi wazo hilo ni kosa, na ni kosa la bei ghali. Katika wadi hii ya eneo bunge la Masinga, kaskazini mwa Kaunti ya Machakos, ambako ndengu na maembe hutegemea mvua isiyo na ahadi, shilingi 25,000 ni pesa za karo.

Pesa kama hizo, au kidogo zaidi, ndizo zinazonunua kipakatalishi kipya cha bei ya chini. Ukikitazama kwenye rafu kinapendeza: chembamba, chepesi, bado kimo ndani ya nailoni yake. Ila ndani ya nyingi ya mashine hizi mna kichakataji cha Celeron N4020, ambacho Intel ilikitoa mwaka 2019 kikiwa na viini viwili tu, pamoja na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC. GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft inakubali kwa Windows 11. Windows yenyewe hula zaidi ya GB 20, kisha kila sasisho kubwa linadai nafasi yake. Zikiongezwa picha za shule, video chache za mafunzo na faili za mitihani ya miaka mitatu, hifadhi imejaa. Fundi naye hana la kufanya, kwa sababu eMMC imechomelewa kwenye bodi kuu, na mara nyingi RAM pia. Haibadilishwi wala haiongezwi. Ilivyotoka dukani ndivyo itakavyokufa.

Linganisha na Core i5-8250U ya Intel ya mwaka 2017. Ni ya zamani kwa miaka miwili, lakini ina viini vinne na inaendesha kazi nane kwa wakati mmoja. Mtu aliyekuwa na mashine ya aina hiyo, akaiuza ili anunue Celeron mpya, amelipa ili arudi nyuma.

Mkenya hahitaji kufundishwa mtumba. Anajua kwamba koti la Ulaya lililovaliwa misimu miwili linaweza kulishinda jipya lililoshonwa kwa haraka. Vipakatalishi havitofautiani na makoti. Kampuni za ng'ambo hununua mashine imara za ofisini, huzitumia miaka michache, kisha huziuza kwa jumla, na hapo ndipo huja kuitwa "ex-UK" katika maduka ya Nairobi hata zikiwa zimetoka Marekani. Humo utakuta HP EliteBook 840 G5 na Lenovo ThinkPad T480, zote mbili zikiwa zimejengwa kwa ajili ya mfanyakazi anayechapa siku nzima. T480 ina nafasi mbili za RAM zinazofunguliwa kwa bisibisi. Ina pia betri mbili, moja ndani na nyingine nje, na ile ya nje inachomolewa na kubadilishwa bila kuzima mashine.

Hata hivyo mtumba una mitego yake, na mkubwa zaidi ni kibandiko cha "i5". Maneno hayo peke yake hayamwambii mnunuzi lolote, kwa maana Intel imeyatumia kwa zaidi ya miaka kumi. Siri iko katika tarakimu zinazofuata: katika i5-6300U, ile 6 ni kizazi cha sita, katika i5-8250U, ile 8 ni cha nane. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 inaanzia kizazi cha nane kwa vichakataji vya Intel, isipokuwa vichache mno. Kwa hivyo EliteBook 840 G3, ambayo sura yake inakaribiana na ya G5 na bei yake huvutia, ina kizazi cha sita na imeachwa nje ya mlango. Mwalimu anayeingia TSC, KNEC, eCitizen na iTax kwa mashine hiyohiyo, akiacha humo nywila na nambari za vitambulisho, ana sababu ya kujali jambo hili. Akiwa tayari anayo ya kizazi cha sita, hana haja ya kuitupa: Linux Mint ni ya bure, na kazi nyingi za tovuti hizo hufanyika ndani ya kivinjari.

Na kabla ya hayo yote kuna swali ambalo fundi mwaminifu huanza nalo: mashine ya zamani inachelewa kwa sababu gani? Ikiwa bado ina diski kuu ya kuzunguka, jibu huwa liko hapo. Diski ya namna hiyo husoma takriban MB 100 kwa sekunde. Hifadhi ya SSD ya kawaida, ya aina ya SATA, hufika karibu MB 500, na haina mkono wa chuma unaohangaika kutafuta faili moja baada ya nyingine. Kuibadilisha ni kazi ya chini ya saa moja, ukiacha muda wa kunakili faili, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kumi kuwaka huwaka kwa chini ya dakika moja. Ongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8 na mwenyewe hataitambua. Ni kweli kwamba vipuri hivi vimeanza kupanda bei duniani, kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinanunua memori kwa pupa. Mnamo Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba itaacha kuuza memori kwa wateja wa kawaida chini ya jina la Crucial. Hata baada ya ongezeko hilo, SSD moja bado ni sehemu ndogo ya bei ya kipakatalishi.

Betri ni habari nyingine. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo hifadhi kubwa zaidi ya maji katika mfululizo wa mabwawa ya Mto Tana yanayolisha gridi ya taifa, nalo lina jina moja na eneo bunge hili. Lakini stima ikipotea jioni ya mvua, mwalimu wa Ndithini hukaa gizani kama Mkenya mwingine yeyote, na betri iliyochoka ndiyo itakayompotezea kazi ya saa tatu. Kwa mtumba, ripoti ya betri ikaguliwe kabla ya malipo. Windows hutoa ripoti hiyo kwa amri ya powercfg /batteryreport, nayo huonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na umebaki uwezo gani. Muuzaji anayekataa amri hiyo iandikwe mbele yake ameshajibu swali.

Nchi yenyewe iliwahi kujifunza kwamba kifaa kipya si maendeleo kwa upya wake. Ahadi ya mwaka 2013 ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza iligeuka kuwa tabuleti, zilizoanza kufika shuleni mwaka 2016, na zaidi ya milioni moja zikasambazwa. Chuo Kikuu cha JKUAT, kule Juja, kilikuwa miongoni mwa waliozitengeneza. Katika shule nyingi ziliishia kabatini.

Wapo wanaostahili kununua kipya. Mwanafunzi wa chuo anayehitaji dhamana ya mwaka mzima na betri ya siku nzima, na ambaye anaweza kufika bei ya mashine yenye RAM ya GB 8 na SSD ya kweli, anunue bila woga; hata kichakataji kidogo cha Intel N100, cha mwaka 2023, kina viini vinne na kinatosha kwa kuandika na kusoma. Anayejaza fomu ya kodi ya KRA mara moja kwa mwaka atumie saiba ya sokoni.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa anayouziwa. Haki hiyo haionekani kwenye kadi za bei za Luthuli Avenue, ambako kipakatalishi huelezwa kwa upana wa skrini na neno "mpya". Kadi iandike jina kamili la kichakataji, kiasi cha RAM na kama inaongezeka, aina ya hifadhi, na kwa mtumba, uwezo uliobaki wa betri. Mistari minne. Muuzaji anaijua yote kabla hajafungua duka asubuhi, na aliyesafiri kutoka Ndithini na pesa za karo mfukoni anapaswa kuisoma kabla hajaulizwa atalipa kwa M-Pesa au taslimu.