Masafa ya Gari la Umeme Yapimwe Unguja Kwenyewe

Mwezi wa Desemba 2010 kampuni ya Nissan ya Japani ilianza kuuza gari dogo la umeme liitwalo Leaf, lenye betri ya kilowati-saa 24. Kipimo rasmi cha Japani kilionyesha kwamba gari hilo, likichajiwa mara moja hadi kujaa, lingeweza kwenda kilomita 200. Kipimo cha Ulaya kilitoa kilomita 175. Kipimo cha Marekani kilitoa maili 73, yaani kilomita 117. Gari lilikuwa lile lile, na betri ile ile. Wala hakuna aliyesema uongo.

Tofauti hiyo ya kilomita 83 yapasa kumfikirisha kila mtu wa Unguja anayekusudia kununua gari la namna hiyo. Magari ya Japani yana usukani upande wa kulia, yanafaa kwa barabara za Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi yamekuwa yakiletwa huku baada ya kutumika kwao. Magari ya umeme nayo yamekwisha kuingia katika msafara huo. Mwaka 2018 teksi za aina ya Leaf zilianza kufanya kazi Nairobi. Mnunuzi aonyeshwapo karatasi yenye namba ya kilomita, huiamini kama aaminivyo uzito ulioandikwa juu ya gunia la mchele. Hapo ndipo kosa linapoanza. Uzito ni sifa ya gunia peke yake, lakini masafa si sifa ya gari peke yake. Masafa huzaliwa na gari, barabara, hali ya hewa, mwendo wa dereva na umri wa betri kwa pamoja. Kwa hiyo namba iliyopatikana kwingine haitoshi. Hapana budi Unguja ipate namba zake yenyewe.

Namba za maabara

Katika maabara, gari huwekwa juu ya mapipa yanayozunguka, kisha huendeshwa kwa ratiba iliyopangwa: liongeze mwendo, lipunguze, lisimame, liondoke tena. Ratiba ya zamani ya Ulaya, ambayo ndiyo iliyoipatia Leaf zile kilomita 175, ilichukua dakika 20 na kilomita 11 tu, kwa wastani wa mwendo usiofika kilomita 34 kwa saa. Kuanzia mwaka 2017 ratiba hiyo ilibadilishwa kwa nyingine ya dakika 30 na kilomita 23, yenye mwendo mkubwa zaidi. Hata hivyo, kipimo hicho kipya nacho hufanywa katika joto la nyuzi 23, na kiyoyozi hakiwashwi. Wamarekani, kwa upande wao, huyapunguza makusudi matokeo ya maabara ili yaikaribie hali ya barabarani, na ndiyo sababu namba yao ikawa ndogo kuliko zote.

Vipimo hivyo vina faida yake: vinamwezesha mnunuzi kulinganisha gari moja na jingine kwa masharti yaliyo sawa. Lakini kulinganisha magari ni jambo moja, na kukisia safari ni jambo jingine. Joto la nyuzi 23 Unguja hupatikana usiku wa mwezi wa Julai. Halipatikani saa nane ya mchana mwezi wa Februari penye foleni ya Darajani.

Nishati inakwenda wapi?

Mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha tatu anaweza kuifuata hesabu hii bila shida. Gari dogo lenye tani moja na nusu hukabili kwanza ukinzani wa matairi juu ya lami, ambao ni kani ya karibu niutoni 150. Kani hiyo haibadiliki sana kwa mwendo. Kila kilomita moja huhitaji kilojuli 150. Pili, gari hukabili ukinzani wa hewa, ambao huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kwa gari dogo, ukinzani huo ni karibu niutoni 75 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na hufika karibu niutoni 190 kwa kilomita 80 kwa saa. Dereva anayekimbiza gari katika barabara ya Nungwi hulipa haraka yake kwa kilomita.

Tatu ni kiyoyozi, na hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Matairi na hewa hudai nishati kwa kila kilomita, lakini kiyoyozi hudai nishati kwa kila dakika. Ikiwa kiyoyozi kinatumia kilowati moja, na gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, basi kilomita moja huchukua dakika moja na kiyoyozi hula kilojuli 60. Gari hilo hilo likijikokota mjini kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, kilomita moja huchukua dakika nne, na kiyoyozi hula kilojuli 240. Yaani kumpoza abiria kumegharimu zaidi kuliko kuyashinda matairi. Husemwa mara nyingi kwamba gari la umeme hustawi mjini, kwa kuwa likifunga breki mota yake hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati katika betri. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini katika mji wa joto na foleni ni nusu ya ukweli.

Nne ni upepo. Nahodha wa jahazi hakuuliza kamwe chombo kinakwenda maili ngapi bila kuuliza kwanza kama ni kaskazi au kusi. Dereva wa gari la umeme yampasa kuuliza vivyo hivyo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa hupambana na hewa ya kilomita 80 kwa saa. Likirudi na upepo mgongoni hukutana na hewa ya kilomita 40 tu. Huenda mtu akadhani kwamba hasara ya kwenda imefidiwa na faida ya kurudi. Sivyo. Kipeo cha pili cha 80 ni 6,400, na cha 40 ni 1,600; wastani wake ni 4,000, hali kipeo cha pili cha 60 ni 3,600. Ukinzani wa hewa kwa safari nzima umezidi kwa asilimia 11.

Katika jambo moja Unguja imebahatika: kisiwa hakina milima. Hata vilima vya Masingini, vilivyo juu ya mji, havina mwinuko wa kutisha, wala gari halipandi kama lipandavyo Usambara.

Umri wa betri

Jambo la tano ndilo zito kuliko yote, nalo halimo kabisa katika namba ya kiwandani. Betri ya lithiamu hupungua uwezo kwa miaka na kwa matumizi, na joto huharakisha upungufu huo, kwa sababu athari za kikemia zinazoila betri kwa ndani huenda kasi zaidi penye joto. Betri za Leaf za mwanzo hazikuwa na maji ya kuzipoza. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako kiangazi ni kikali mno, walilalamika kwamba betri zao zimepungua uwezo mapema. Unguja haifiki joto la Arizona, lakini haina majira ya baridi ya kuipumzisha betri.

Sasa na ichukuliwe Leaf ya zamani ambayo betri yake imebakiwa na asilimia 70 ya uwezo wa awali. Kwa kutumia kipimo cha Marekani, kilomita 117 zimekuwa 82. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni kilomita 55 hadi 60 kufuatana na njia. Kwenda na kurudi ni 110 hadi 120. Gari likiwa jipya lingeimaliza safari hiyo kwa shida, au lisingeimaliza. Likiwa limechakaa litamwacha dereva njiani. Mwenye teksi aliyekopa fedha kwa kuamini kilomita 200 atakuwa amenunua deni.

Hata hivyo haifai kukimbilia upande wa pili na kusema kwamba gari hilo ni bovu. Mwalimu anayekaa Fuoni na kufundisha mjini, au muuguzi anayekaa Bububu, haendi zaidi ya kilomita chache kila siku. Kwa watu hao kilomita 82 ni nyingi, hata zikipunguzwa na kiyoyozi na foleni. Gari moja laweza kuwa hasara kwa mtu mmoja na neema kwa jirani yake. Swali la haki, basi, si gari linakwenda kilomita ngapi, bali ni kama safari fulani, katika siku mbaya kuliko zote za mwaka, itakamilika na akiba ikabaki.

Akiba haiozi

Neno akiba lina uzito wa pekee kisiwani. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ya kwanza tangu mwaka 1980 na ya pili tangu 2013. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa pili umeleta nafuu kubwa, lakini mafunzo ya miezi ile hayafai kusahauliwa. Isitoshe, soketi ya kawaida ya nyumbani, ikitoa ampea 10 kwa volti 230, hupeleka kilowati 2.3 tu, betri ya kilowati-saa 24 iliyokwisha huhitaji zaidi ya saa kumi. Umeme ukikatika usiku, safari ya asubuhi imekatika pia. Kwa hiyo asilimia 20 ya mwisho ya betri isihesabiwe kamwe kuwa sehemu ya masafa.

Kazi ya shule na ya taasisi

Kupima masafa hakuhitaji maabara ya gharama. Gari lichajiwe hadi kujaa, liendeshwe katika njia inayojulikana urefu wake, na asilimia ya betri isomwe mwanzo na mwisho. Ikiwa kilomita 40 zimetumia asilimia 48, masafa ya betri nzima ni 40 kugawanywa kwa 0.48, yaani kilomita 83. Ikitengwa akiba ya asilimia 20, hubaki kilomita 67 za kutegemewa. Pamoja na hayo yaandikwe idadi ya abiria, upepo wa matairi, joto la siku, mvua, na kama kiyoyozi kiliwashwa. Namba ya kilomita inayojitokeza kwenye dashibodi isichukuliwe kuwa kipimo, kwa maana ni makisio yanayotokana na mwendo wa muda uliopita, na haijui njia iliyo mbele. Wala uniti zilizosomwa kwenye mita ya nyumbani zisichanganywe na zile zilizomo betrini, kwa kuwa sehemu yake hupotea kwa joto wakati wa kuchaji. Uniti za mita huonyesha gharama, si masafa.

Njia tatu zingetosha: mzunguko wa mjini, safari ya Nungwi, na safari ya Makunduchi, kila moja irudiwe wakati wa kaskazi, wa masika na wa kusi. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar zina walimu na vijana wa kuifanya kazi hiyo, na shule za sekondari zingeweza kufanya hesabu zake darasani. Ingefaa pia Taasisi ya Viwango Zanzibar itake kila gari la umeme lililotumika liuzwe na cheti cha uwezo wa betri uliobaki, si cha namba ya kiwandani peke yake.

Jedwali la namna hiyo, likibandikwa mahali magari yanapouzwa, lingewaokoa wengi na hasara, na wengine na hofu isiyo na msingi. Namba ya maabara imetoka kwa watu waliopima kwa uaminifu mambo ya kwao. Kilichobaki ni kwa Unguja kupima ya kwake kwa uaminifu ule ule.