Asiye na kazi asitozwe faini

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nami siwapingi. Fedha anazorejesha mhitimu wa jana ndizo zinazomsomesha mwanafunzi wa leo. Mwenye mshahara anayekwepa kulipa anamnyima mtoto wa maskini nafasi aliyoipata yeye.

Lakini je, asiye na mshahara? Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 1995, imekuwa ikiwakopesha wanafunzi kwa riba nafuu ya asilimia 4 kwa mwaka. Riba hiyo haimwelemei mtu. Kinachomwelemea ni faini ya shilingi 5,000 ambayo imekuwa ikitozwa kwa kila mwezi usiolipiwa. Hizo ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Deni la shilingi 120,000 huongezeka maradufu kwa miaka miwili, na huku mkopaji angali anazunguka na vyeti vyake akitafuta kazi.

Mnamo 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zisizidi kiasi cha mkopo wenyewe. Uamuzi huo ni wa busara, ila hauwatenganishi asiyetaka kulipa na asiyeweza.

Kazi hiyo ni ya Bunge. Nawasihi wabunge wetu waibadilishe sheria ili faini ianze kuhesabiwa mkopaji apatapo kipato. Serikali haishindwi kumtambua mwenye mshahara, kwani waajiri humkata kodi kila mwezi. Kumtoza faini asiye na kazi hakuijazi hazina. Hujaza daftari tu.