Rangi ya maji kwenye barabara ya Industriel

Mwezi wa tisa ukifika na mvua ya kwanza ikinyesha hapa Bukavu, usibaki nyumbani. Wakati wa kiangazi mavumbi yanaficha hata milima ya ng'ambo ya ziwa. Mvua moja inaosha yote. Huko Ulaya wachoraji wanangojea majani yageuke mekundu. Kwetu ni udongo wenyewe unaogeuka.

Uende wapi na karatasi yako? Vijana wananijibu: kwenye ziwa, kwenye nyumba nzuri. Mimi nasema panda Kadutu, barabara ya Industriel. Pale kuna maghala, mabati yenye kutu, kamyo imekwama katika matope, mama anapanga ndizi zake kando ya mfereji.

Enda asubuhi, sababu mvua inapenda kuja mchana. Kwanza uombe ruhusa kwa shefu wa avenyu na kwa mwenye ghala. Kwetu mtu anayetazama sana wanamwita mpelelezi. Mimi nimekwisha fukuzwa, tena nilikuwa na kalamu tu! Tafuta karatasi nene, ile ya daftari inajikunja. Anza na mawingu na milima, maji mengi, rangi kidogo, halafu ungojee ikauke. Majira haya inakawia. Mahali bati linapong'aa usipake kitu, uache karatasi yenyewe iwe mwanga.

Mzazi, usiseme ni kazi ya bure. Pale Bukama, katika Katanga, Albert Lubaki alikuwa mchonga pembe za ndovu, naye alipamba kuta za nyumba kwa picha. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, aliona kuta zile, akampa karatasi na rangi za maji. Antoinette, mke wake, alichora vilevile. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Bruxelles. Kuta zile za udongo ziko wapi leo?

Kijana mmoja wa kanisa letu alichora nyumba ya mama yake, juu ya mteremko. Majira yale yale ya mvua udongo ulishuka, nyumba ikaenda nayo. Hakuna aliyekufa. Picha ya kamera hawakuwa nayo hata moja. Sasa ile karatasi imetundikwa kwa nyumba wanayopanga, na kila mgeni akiingia mama anamwonyesha, halafu analalamika: mlango ulikuwa wa bluu, si kijani, mtoto huyu hakutazama vizuri.